Kitu gani kidogo kilikufanya uchague simu uliyonayo? Tupeane uzoefu

Mbukwenyi wakuu. Nauza simu jirani na soko la Majengo hapa Dodoma. Mteja nikimwanzia habari za RAM na megapikseli anaitikia tu "enhe, enhe", kisha anauliza swali lake moja lililomtoa nyumbani. "Tochi yake kali?" "Inakaa na chaji?" Hapo ndipo biashara inapofungwa au kufa. Tecno wenyewe walijipatia jina Afrika kwa laini mbili, siyo kwa urembo. Mimi naangalia mwanga wa kioo. Kwa jua letu la saa saba, kioo hafifu husomi hata salio. Haya, semeni vyenu.

Wakala wa Nkuhungu
Mkuu, laini mbili peke yake haitoshi. Kuna simu ambazo nafasi ya laini ya pili ndiyo hiyo hiyo ya memori kadi. Ukiweka kadi, laini moja inabaki mkononi. Mimi M-Pesa na Airtel Money zote ni za kazi, mteja hawezi kusubiri nichomoe. Nikifika dukani naomba pini kwanza, navuta kile kitreya, nahesabu. Nafasi tatu, naulizia bei. Mbili, nashukuru naondoka. Wauzaji wananinunia balaa.

Babu Kongwa
Redio. Shambani bando la nini? Redio ya simu inatumia waya wa hedifoni kama antena, ndiyo maana ukiuchomoa inabaki kukoroma. Sasa tangu Apple waondoe tundu la hedifoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016, wengine nao wakaiga, na simu isiyo na tundu mara nyingi redio nayo hakuna. Mjukuu wangu aliniletea moja ya bei mbaya. Nikamwambia, kaa nayo mwenyewe, mie niletee yenye tundu.

Fundi saruji
Niko saiti huku Mtumba. Saruji imenila vidole, alama ya kidole simu haiitambui. Inanikumbuka Jumapili jioni tu 😂 Nikanunua inayofunguka kwa sura. Kwenye pesa lakini sura siiamini, nabonyeza namba.

Mwenye uzi
Pole fundi. Wateja wangu wa kazi hizo wanasajili kidole cha mkono usioshika mwiko, jaribu.

Mwana Kibaigwa
Nina kibanda umiza. Xiaomi nyingi zina kitaa cha infraredi pale juu, unaigeuza simu kuwa rimoti ya tivii. Rimoti yangu ilipotea siku ya Simba na Yanga, watu wamejaa, sauti haipandi, matusi yanapanda. Kijana mmoja akatoa simu mfukoni, akaielekeza kwenye tivii, kelele za mtangazaji hizo! Nikaikariri jina papo hapo. Kamera yake mpaka leo sijui ikoje.

Wakala wa Nkuhungu
Kibaigwa, nafasi ngapi kwenye kitreya?

Mwana Kibaigwa
Subiri mechi iishe nichomoe nikuangalizie.