Mrejesho: mabomba ya kumwagilia nyasi baada ya baridi

Wakuu, niliuliza nifungulieje mfumo wa kumwagilia nyasi za nyumbani baada ya baridi ya Minnesota, na kama kuna ubaya kufungua valvu kuu yote kwa mkupuo. Asanteni mno kwa majibu.

Nilisubiri barafu iishe udongoni, maana ardhi ya huku inaweza kuganda hata zaidi ya mita moja. Kisha nikafungua valvu kidogo tu, nikasikiliza hewa ikifoka kwenye vichwa vya kunyunyizia maji vya mbali kabisa, nikaongeza polepole. Aliyenionya kuhusu kishindo cha maji alisema kweli: maji yakiingia kwa kasi kwenye bomba lenye hewa yanaweza kupasua viungio.

Tatizo lilikuwa kile kifaa cha ukutani kinachozuia maji ya bustani yasirudi kwenye maji ya kunywa. Kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, maji yakichuruzika hadi kwenye msingi. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, kwa hiyo hata kidogo yaliyobaki humo yalitosha. Fundi bomba mwenye leseni ameweka kipya na kukipima. Hapo sikutaka kubahatisha kabisa, ni maji wanayokunywa watoto.

Vichwa vilivyoziba mchanga nimesuuza vichujio vyake. Kilichokuwa kinamwagia barabara nimekigeuza. Saa ya kuwasha mfumo nimeitegesha alfajiri, kabla ya jua na upepo. Kwa sasa mvua inatosha, nimeuzima mfumo mpaka nyasi zianze kuhitaji maji.