Bustani ya mtaa imegeuka pori na jalala, mvua za Septemba zinakaribia: tuanzie wapi?

NyumaYaReli

Salaam wadau. Hapa Jinja, Uganda, upande wa Walukuba, kuna bustani ya mtaa iliyoachwa miaka mingi, mita 70 kwa 40 hivi. Robo yake imemezwa na vichaka vya lantana, kona moja ni jalala. Karavati la barabara linamwaga maji ndani, yameshachimba korongo la mita 30 linalofika magotini. Watu wamepitisha njia ya mshazari kwenda sokoni na udongo wake umeshindiliwa, jembe linaruka. Bembea ipo ila ina kutu.

Tuko watu 25 wa kujitolea, kila Jumamosi asubuhi, na mkononi tuna shilingi milioni 1.5. Tumepanga kuchoma pori lote, kupanda miche 200 mvua ikianza, kisha kuchomelea bembea. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, ametukubalia kwa mdomo. Tunakosea wapi?

KaraniMstaafu

Ndugu yangu, kwa mdomo haitoshi. Kiwanja kilichojaa takataka hakina mwenyewe, kikisafishwa wenyewe hujitokeza watatu. Mwombeni mwenyekiti barua yenye muhuri, iambatane na majina na sahihi zenu, iende kwa karani wa jiji na nakala kwa afisa wa mipango miji. Jinja ni jiji tangu Julai 2020, kwa hiyo msipeleke wilayani.

Kwa afisa wa mipango ombeni nakala ya ramani inayoonesha eneo hilo limetengwa kuwa bustani, kisha mpima ardhi awaoneshe mawe ya mipaka kwenye kona zote. Bodi ya ardhi ulizeni kama kuna mtu ameliombea hati. Kusafisha kunaweza kuendelea huku mnasubiri majibu. Msimwage zege wala kujenga uzio kabla ya kupata nakala hiyo.

MajiYanaposhuka

Mpango wenu umeanza mkiani. Maji kwanza, miti mwisho. Mkipanda wakati karavati bado linamwaga, mvua kubwa ya kwanza itaondoka na udongo mliolegeza pamoja na miche.

Pimeni mteremko wa korongo kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji bila povu ndani. Maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja, basi tofauti ya kimo kutoka ardhini ndiyo mteremko. Tuseme korongo linashuka mita 1.2 katika mita 30, yaani asilimia 4. Jengeni vizuizi vya mawe vyenye kimo cha sentimita 40. Gawanya 0.4 kwa 0.04, unapata mita 10 kati ya kizuizi na kizuizi, kwa hiyo vitatu vinatosha. Kanuni yake ni kwamba mdomo wa kizuizi cha chini ulingane na kitako cha kile cha juu. Mkiviachanisha zaidi, maji yatachimba hapo katikati.

Vizuizi hivi huharibika kwa namna tatu. Ya kwanza, katikati kuwa sawa na pembeni: acheni katikati pawe chini kwa sentimita 10 hadi 15, la sivyo maji yatazunguka ubavuni na kufungua korongo jipya. Ya pili, mawe kupangwa juu ya udongo tu: yazamisheni sentimita 30 kwenye kila ukuta wa korongo. Ya tatu, maji yanayoruka kizuizi hudondoka na kula kitako, basi tandazeni mawe mbele yake angalau mita moja. Chini ya mdomo wa karavati tandazeni mawe makubwa zaidi, yasiyobebeka kwa mkono mmoja. Msitumie saruji. Mawe makavu hupitisha maji na kubakiza matope, na ndani ya msimu mmoja au miwili korongo huanza kujaa lenyewe.

Kingo za juu pandeni nyasi za vetiva kwa mstari, sentimita 10 hadi 15 kati ya shina na shina. Mkiweka 30 maji yatapita katikati kama kwenye meno ya kitana.

MamaMiche

Msichome. Lantana ikichomwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Fyekeni mpaka kimo cha goti ili mlione shina, kisha sururu iingie pembeni na kung'oa kitako chote, pale shina linapokutana na mizizi. Mkikata juu ya hapo, mtarudi kufanya kazi ile ile. Fanyeni kabla matunda hayajawa meusi, maana ndege huyala na kusambaza mbegu. Matawi yaanikwe juu ya mawe au bati mpaka yakauke kabisa, kwa kuwa yakilala kwenye udongo wenye unyevu huota mizizi. Mbuzi na ng'ombe wawekwe mbali, majani yake ni sumu kwao.

Mwanga ukifika chini, mbegu zilizolala zitaota. Baada ya wiki nne hadi sita piteni mkang'oe vichipukizi kwa mkono vikiwa vya urefu wa kidole. Mkiruka zamu hiyo, mwakani lantana imerudi.

Kijana_wa_Masese

Samahani mama, si rahisi kupulizia dawa ya magugu na kumaliza siku moja?

MamaMiche

Mwanangu, piga hesabu. Robo ya bustani ni mita za mraba 700. Watu 25, kila mmoja mita 28: Jumamosi mbili tu. Dawa ingepita mahali watoto wanapocheza, karibu na mfereji, na bado vichaka vilivyokufa vingehitaji kung'olewa. Hapa mikono inatosha. Ila msifungue eneo lote kwa mpigo. Anzeni upande wa juu, mfunike na majani makavu kabla hamjahamia kipande kingine, udongo usikae uchi mvua ikianza.

Na jalala: viatu vya gamboti, glavu nene, na koleo la kuokotea. Mtu asiingize mkono kwenye rundo, chupa zilizovunjika na sindano hukaa chini. Kona hiyo msilime mboga.

Sasa miche 200. Mita za mraba 2,800 gawanya kwa 200 ni 14, yaani mti kila baada ya mita tatu na kitu. Huo ni msitu wa nguzo, watoto hawatakuwa na pa kukimbilia. Miti 15 ya kivuli inatosha, mita 10 hadi 12 kati yake, mingi pembezoni. Lusambya inafaa sana, ina maua ya njano na haisumbui. Musizi hukua haraka lakini huangusha matawi, usikae juu ya benchi. Mvule ni mti wa heshima, ila mche wake hushambuliwa na mdudu anayetia uvimbe kwenye majani na kuua ncha, basi pandeni mmoja au miwili chini ya kivuli chepesi, msiipange pamoja. Mutuba hupandwa kwa nguzo ya mita mbili na hushika vizuri, lakini mizizi yake hupasua kuta, iwe mbali na jengo na bomba.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu mweusi wekeni kushoto, mwekundu wa chini kulia, na mweusi ndio urudi kwenye mizizi, uchanganywe na karai moja la samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa mche, kivuliwe chote, si kutobolewa. Mizizi iliyojizungusha chini ikatwe kwa wembe. Shingo ya mche ibaki usawa wa ardhi, na matandazo yaache nafasi ya kiganja kuzunguka shina, yakigusa yataozesha gome na kuleta mchwa.

FundiChuma

Bembea msiipake rangi kwanza. Chimbeni kidogo penye mguu wa bomba, maana kutu mbaya hukaa pale chuma kinapoingia ardhini. Gongeni kwa nyundo: sauti ya mlio ni nzima, sauti butu imeoza. Bisibisi ikipenya, ng'oeni mguu huo. Kuchomelea kiraka juu ya bomba lililoliwa ni kumwekea mtoto mtego.

Miguu minne, mashimo ya sentimita 40 kwa 40 na kina 60, zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Hiyo ni mifuko mitatu ya kilo 50 kwa jumla. Kichwa cha zege kitokeze kidogo juu ya ardhi na kiinamie nje, maji yasituame kwenye chuma. Lifunikwe kwa magunia mabichi siku saba. Mbele na nyuma ya bembea acheni wazi umbali wa mara mbili ya kimo cha boriti, na chini wekeni mchanga laini wa sentimita 30, usiwe na kokoto.

MajiYanaposhuka

Kuhusu njia ya mshazari: msiifunge. Watu wakitaka kufika sokoni watavunja ua wowote mtakaopanda. Igeuzeni iwe njia rasmi, upana mita 1.5, maramu (udongo wa changarawe) sentimita 10 baada ya kushindilia, katikati pawe juu kidogo ili maji yamwagike pembeni. Urefu ni kama mita 80, basi ni mita za ujazo 12 zilizoshindiliwa. Agizeni 15, kwa sababu hulala chini ikishindiliwa. Hapo ndipo pesa yenu nyingi itakwenda, na ni sawa.

NyumaYaReli

Asanteni sana wazee wangu. Tumefuta moto na miche 200. Swali moja: nyasi za paspalumu tupande lini, na miti 15 tutaimwagiliaje Desemba hadi Februari? Bomba hakuna.

MamaMiche

Paspalumu baada ya mvua mbili tatu za kueleweka. Legezeni udongo kwa jembe uma sentimita 15, vipande viachane sentimita 20, yaani 25 kwa kila mita ya mraba. Fungeni eneo kwa kamba wiki nane hadi kumi. Anzeni penye udongo mtupu tu.

Maji: lita 20 kwa mti, mara mbili kwa wiki. Kwa miti 15 ni madumu 30 ya lita 20 kwa wiki. Gawanyeni mti kwa nyumba, kila nyumba madumu mawili kwa wiki, na jina la nyumba liandikwe kwenye kijiti karibu na mche. Maji yamwagwe polepole kwenye kisahani cha udongo kuzunguka shina, jioni. Mkimwagilia kidogo kila siku mizizi itabaki juu, na jua la Januari litaikuta hapo.

NyumaYaReli

Nyumba 15 zinazotazama bustani zipo. Barua inapelekwa kwa karani Jumatatu.