Ushauri wa haraka: "I stopped to drink" na "I stopped drinking" si kitu kimoja?

Mwana wa Meru (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Nimeandika barua ya kikazi kwa Kiingereza na sentensi moja imeleta kizaazaa. Mtu akiandika "I stopped to drink" na mwingine akaandika "I stopped drinking", kuna tofauti? Mimi naona zote ni kuacha kunywa. Nina mpaka Jumatatu saa tatu asubuhi. Mwenye kujua aje, wenye utani wasubiri uzi mwingine.

Mzee wa Kitimoto
Nimeshavuta kiti, nimekaa mstari wa mbele. Endeleeni.

Mama Ditrick
Kwanza kwa nini uandike Kiingereza wakati nchi ina lugha yake? Wangu yuko darasa la tano, ada inanitoa jasho, akirudi ni "Mummy I want to eating". Nikimwambia kwa Kiswahili aseme anataka nini, ananikodolea macho. Tumepotea.

Ticha Mstaafu
Mdogo wangu, si kitu kimoja, na kosa si lako peke yako. Tazama Kiswahili: "nimeacha kunywa", "nimesimama kunywa". Hilo "kunywa" ni lilelile, halijabadilika hata herufi, kwa sababu kazi yote imefanywa na kitenzi cha mbele. Sisi tuna kuacha na tuna kusimama. Mwingereza kwa yote mawili ana "stop" moja, kwa hiyo tofauti anaipeleka nyuma. Kile ulichokiacha kinavaa -ing: "I stopped drinking", pombe basi. Ukitia "to", umetaja sababu ya kusimama: ulikuwa na safari zako, ukasimama, ukanywa. Nimelisahihisha kosa hili miaka 31 na chaki yangu. Sasa tuambie, barua ilikuwa ya nini?

Mwana wa Meru
Asante sana mwalimu. Ni barua ya kawaida tu ya ofisini.

Jicho la Tatu
Barua ya kawaida gani inazungumzia kunywa? Weka sentensi nzima au tufunge uzi tukalale.

Mwana wa Meru
Sawa. Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha. Juzi nilichelewa kupokea wageni uwanja wa ndege wa KIA, wakakaa dakika 50 na mabegi yao. Mmoja akamwambia bosi kwamba nilikuwa nanukia pombe. Bosi ni mzungu, Kiswahili chake kinaishia kwenye "jambo" na "asante", akataka nijieleze kwa maandishi. Nikaandika: "Madam, I stopped to drink since last year." Barua imerudi, ile "to" imezungushiwa duara la wino mwekundu, pembeni kuna alama tatu za kuuliza. Hakuna neno lingine.

Mzee wa Kitimoto
Yaani umesimama kunywa tangu mwaka jana na mpaka leo hujainuka! 😂😂 Kaunta gani hiyo na sisi tuje?

Neema Yatosha
Tunacheka, lakini huyu kaka anabeba roho za watu kwenye barabara ya malori. Mimi nimezika shemeji kwa ajili ya chupa. Kaka, Kiingereza kiweke pembeni kwanza, tafuta watu wa kukushika mkono.

Soja wa Doha
Usidharau haya mambo ndugu. Mimi natoka Kakamega, ni askari wa geti huku Doha. Kuna asubuhi geti la godauni lilikutwa wazi, nikaambiwa niandike maelezo kwenye kitabu cha matukio. Usiku mmoja nafunga makufuli matano, nani atakumbuka kila moja? Nilitaka kusema sikumbuki kama nilifunga. Nikaandika "I did not remember to lock". Wao wakasoma: alisahau, hakufunga. Ningeandika "I don't remember locking" ningekuwa salama. Nikakatwa siku mbili. Baadaye kamera ikaonyesha nikifunga, na msimamizi mwenyewe akifungua saa kumi usiku. Pesa haikurudi, na yeye hata pole hakunipa.

Jicho la Tatu
Pole soja. Mleta mada, barua ya pili umeshaandika au bado?

Mwana wa Meru
Kusema kweli nimeshaituma jana usiku kwa WhatsApp, tiki mbili za buluu. Binamu yangu ndiye aliyenisaidia, Kiingereza chake alipata B kidato cha nne. "I am used to drinking but I promise to stop." Naona iko sawa. "Used to" ni mambo ya zamani, na hiyo -ing ya mwalimu imo.

Ticha Mstaafu
Yesu wangu. "I used to drink" ndiyo zamani nilikuwa nakunywa. "I am used to drinking" ni nimezoea kunywa, nimekuwa sugu. "To" ya kwanza inashika kitenzi. Hii ya pili haishiki kitenzi, inashika jina, ndiyo maana baada yake inakuja -ing. Ni ileile ya "I look forward to hearing from you", ambayo barua za kazi nchi nzima zinaandika "to hear". Hiyo "am" uliitoa wapi?

Mwana wa Meru
Mwalimu, "am" tuliiongeza kwa heshima. Sentensi bila "am" ilikuwa inaonekana iko uchi. Na "promise to stop" si sahihi?

Ticha Mstaafu
Sahihi kabisa. Umemwambia umezoea pombe na unaahidi kuacha. Sarufi safi.

Jicho la Tatu
Wakuu, hii ni chai, stori ya kutunga. Mfano wa "stop" uko kwenye kila kitabu cha sarufi, kule tu huwa ni sigara. Mara "used to" imefuata, ukurasa wa pili. Na "remember" tayari kaileta huyu wa Doha. Mtu mmoja, akaunti mbili, anatufundisha Kiingereza kwa hila.

Mzee wa Kitimoto
Chai ya rangi au ya maziwa? Na vitumbua viko wapi?

Soja wa Doha
Sina undugu na huyo jamaa. Mimi niko lindo hapa, jua linanichoma.

Mwana wa Meru
Chai? Mtu kazi inaniponyoka mnasema chai? Nendeni mkaulize, gari waliliona limepaki pale Maji ya Chai, njia ya kwenda KIA, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Mzee wa Kitimoto
Maji ya Chai!! Jamani, chai na maji yake! 😂😂😂

Jicho la Tatu
Ngoja kwanza. Gari lilisimama?

Mwana wa Meru
Kwa ajili ya supu. Nimeamka saa tisa, tumbo tupu, kuna mama pale kongoro lake halina mpinzani. Dakika kumi tu.

Jicho la Tatu
Na kongoro siku hizi linanukia pombe?

Mwana wa Meru
Kulikuwa na kimoja cha baridi cha kushushia. Kimoja. Cha pili sikukimaliza.

Ticha Mstaafu
Basi mdogo wangu, barua ya kwanza mrudishie kama ilivyo. Futa "since last year", weka "at Maji ya Chai". "To" iache hapohapo.

Mama Ditrick
Samahani nje ya mada. Huyo mama wa kongoro yuko upande wa kushoto ukitokea Usa River, au ule wa pili?