Mashimalo ya nyumbani: jelatini tupu, jelatini na ute wa yai, au agari? Ulinganisho kwa jiko la Nairobi

Mwokaji_SouthB

Swali hili hurudi kila mara kwenye uzi wa keki, basi nimelifungulia uzi wake. Njia za kutengeneza mashimalo (marshmallow, zile peremende laini zilizojaa hewa) nyumbani ambazo kweli zinafaa ni tatu: jelatini tupu, jelatini pamoja na ute wa yai, na agari (kigandishi kinachotokana na mwani). Zote ni shira ya moto iliyopigwa hadi ikajaa hewa. Zinatofautiana kwa kile kinachoizuia hiyo hewa isitoroke.

Naanza na jelatini tupu, maana ndiyo ya kupimia nyingine. Kwa trei ya sentimita 20 kwa 20: sukari nyeupe gramu 400, glukosi ya maji gramu 150, maji mililita 120, chumvi kidogo, vanila kijiko kimoja cha chai. Pembeni, jelatini ya unga gramu 20 kwenye maji baridi mililita 100. Jelatini inanyunyizwa juu ya maji. Ukimwaga maji juu ya jelatini utapata madonge yenye unga mkavu katikati, na hayo hayayeyuki tena vizuri. Iache dakika 10 ivimbe.

Sukari, glukosi na maji vinakorogwa mpaka sukari iyeyuke. Ikianza kuchemka, mwiko unatoka. Chembe zilizoganda ukutani mwa sufuria zioshe kwa brashi iliyolowa, au funika kifuniko dakika mbili mvuke uzishushe wenyewe. Chembe moja ikirudi ndani wakati shira imeshakuwa nzito, sufuria nzima inaweza kugeuka mchanga.

Shira ikiiva, epua, ngoja mapovu yatulie, imwage kwa mchirizi mwembamba kwenye jelatini huku mashine ya kupigia ikienda polepole. Kisha mwendo wa juu, dakika 10 hadi 12. Simama pale bakuli likiwa vuguvugu tu mkononi na mchirizi unaoanguka ukibaki juu kama utepe kabla ya kuzama. Ukipita hapo, jelatini inaanza kushika ndani ya bakuli na hutaweza kuutandaza mchanganyiko ukawa sawa.

Trei ipakwe mafuta, inyunyiziwe mchanganyiko wa nusu sukari ya unga na nusu wanga wa mahindi. Wanga, ule mweupe wa kukazia supu, si unga wa ugali (naandika kwa sababu imeshaulizwa). Mimina mchanganyiko humo, ulale usiku kucha mezani, kisha kata kwa kisu kilichopakwa mafuta.

Kiwango cha joto nimekiruka makusudi. Kemia_Jikoni, karibu.

Kemia_Jikoni

Asante mkuu. Hapa ndipo resipe nyingi za mtandaoni zinapowaangusha watu wa Nairobi.

Tuko kama mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kipimajoto ndani ya shira kinakueleza maji yamebaki kiasi gani: yakipungua, joto la kuchemka linapanda. Resipe ya London ikisema 118, inamaanisha nyuzi 18 juu ya pale maji matupu yanapochemkia. Kwetu ni 94 jumlisha 18, yaani 112.

Ukiipeleka hadi 118 ukiwa Buruburu, umefika pale ambapo Mombasa wangesoma 124. Hiyo ni shira ya pipi ngumu kidogo. Mashine itaanza kunguruma kwa sauti nzito baada ya dakika chache, na kesho yake unatafuna ndala.

Kabla ya kupika chochote, chemsha maji matupu na utumbukize kipimajoto bila ncha kugusa sufuria. Andika unachosoma. Kikisema 94, sawa. Kikisema 97, basi hicho kinazidisha 3, na shabaha yako nacho ni 115. Jumlisha 18 kwenye namba yako mwenyewe kila mara. Hii inatatua makosa mawili kwa mpigo, la mwinuko na la kipimajoto cha bei ya chini. Walio Limuru watasoma karibu 93, wa Athi River karibu 95.

Sufuria_Nzito

Na asiye na kipimajoto atumie mizani, ni ya uhakika kuliko kukisia.

Chukua vipimo vya Mwokaji. Sukari 400, glukosi 150, maji 120, jumla gramu 670. Glukosi ya maji kwa kawaida ina maji kama asilimia 20 ndani yake, kwa hiyo sukari halisi kwenye sufuria ni 400 na 120, gramu 520. Tunataka shira yenye sukari asilimia 86 hivi. 520 gawanya kwa 0.86 ni 605. Kwa hiyo pima sufuria tupu, jumlisha 605, na shira yako imeiva mizani ikisoma hapo. Umepoteza gramu 65 tu za mvuke. Weka kibao cha kukatia juu ya mizani kwanza (ukihesabu na uzito wake), maana sufuria ya moto itayeyusha plastiki. Na jambo zuri ni kwamba gramu hazijali uko Nairobi au Lamu.

Jaribio la maji baridi pia linafanya kazi: dondosha tone kwenye bakuli la maji baridi, likusanye kwa vidole. Likiwa kidonge kinachokaa umbo lake lakini kinabonyea, epua. Likitawanyika, bado. Likiwa gumu kama gololi, umechelewa. Ongeza vijiko viwili vya maji ya moto, rudisha motoni, anza kupima upya. Shira iliyopitiliza inaokoka alimradi haijabadilika rangi.

BintPwani_Eastlands

Nichukue ya ute wa yai.

Ute wa mayai mawili ni kama gramu 60. Punguza jelatini hadi gramu 15, ilowekwe kwa maji mililita 75. Kwa sababu ute unaleta maji yake, shira ipikwe zaidi kidogo, nyuzi 22 juu ya maji yanayochemka, yaani 116 kwa hapa. Piga ute hadi uanze kusimama laini, na upange muda vizuri ili usikauke ukisubiri shira. Mwaga shira kwa mchirizi kando ya bakuli, usiimwage kwenye mchapo wa mashine, itaruka na kuganda ukutani kama vioo. Jelatini iliyovimba itie mara tu baada ya shira, bado moto ungalipo wa kuiyeyusha.

Matokeo ni mepesi zaidi, meupe zaidi, hayavutiki sana. Ukiuma yanakatika, hayakurudishi. Kwa kujaza biskuti au kupamba keki, mimi sioni inayoyashinda. Lakini hayadumu: jelatini tupu ukiyafunga vizuri yanakaa wiki mbili hata tatu, haya ya yai nisingeyauza baada ya siku tano. Na juu ya makaa yanaungua nje kabla ya kulainika ndani. Wa kuchoma kwa kijiti wabaki na jelatini tupu, na hata hayo ya nyumbani yanadondoka haraka kuliko ya dukani.

Kahawa_Chungu

Wakuu, nina maswali mawili. Jelatini nyingi ni ya nini, nguruwe au ng'ombe? Na glukosi ya maji nikiikosa, asali itafaa?

BintPwani_Eastlands

Ndugu, zipo zote mbili, na unga wenyewe haukuambii kitu kwa macho. Soma pakiti. Isiyoandikwa asili yake wala kuwa na nembo ya halali, mimi ningeiacha dukani. Ya ng'ombe ya halali inafanya kazi ile ile. Kinachobadilika ni nguvu: kama pakiti ina namba ya bluumu (kipimo cha nguvu ya jelatini), 200 hadi 250 ndiyo inayolingana na vipimo vya hapa. Isiyo na namba, yeyusha gramu 2 kwenye maji mililita 100, weka kwenye friji usiku. Ikitetemeka lakini ikasimama ukiigeuza kwenye sahani, inatosha. Ikisambaa, tumia gramu 24 badala ya 20.

Kemia_Jikoni

Kwenye glukosi: kazi yake ni kuzuia sukari isirudi kuwa chembe. Ile ya maji ina minyororo mirefu inayokwamisha sukari kujipanga, na inaipa shira uzito unaoshika hewa. Glukosi ya unga ya kwenye kopo, ile ya kunywa mtu akiwa mgonjwa, haina hiyo minyororo. Si mbadala wake gramu kwa gramu.

Asali inazuia chembe vizuri sana, ila inafura. Tumia sufuria yenye nafasi mara tatu ya shira. Rangi inakuwa ya krimu, na ladha yake inafunika vanila. Tatizo kubwa ni fruktosi, inavuta unyevu hewani. Mwezi wa Februari hutaona shida. Mvua za Aprili, mashimalo ya asali yanaanza kutoa jasho siku ya pili. Nikilazimika, nusu asali na nusu glukosi.

Sufuria_Nzito

Limau je? Gramu 520 za sukari, maji 150, kijiko kimoja cha chai cha maji ya limau, moto mdogo ili ichukue dakika 10 zaidi. Asidi inavunja sehemu ya sukari, na huna haja ya kutafuta glukosi popote.

Kemia_Jikoni

Inafanya kazi kaka, sikatai. Lakini huwezi kujua umevunja kiasi gani. Moto ukibadilika na matokeo yamebadilika. Kwa familia, sawa. Kwa anayeuza na anataka pakiti ya leo ifanane na ya Ijumaa, atafute glukosi.

Na la sukari yenyewe: ya kahawia ya kawaida ina mabaki ya molasi, shira inatoa povu chafu na mashimalo yanakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tumia nyeupe.

Mboga_na_Agari

Njia ya tatu imesahaulika, nami nasema mapema kwamba agari haitoi mashimalo yanayovutika. Inatoa kitu kinachokatika safi, karibu na zefiri ya Warusi, ambayo hutengenezwa kwa agari, ute wa yai na tofaa lililosagwa. Anayetarajia mpira ataudhika. Anayetarajia wingu la kuuma, hii ndiyo yake.

Agari ya unga gramu 8, maji mililita 150, iache dakika 10 kisha ichemke kabisa dakika mbili huku ukikoroga, maana agari isiyochemka haishiki. Tia sukari gramu 350 na glukosi 50, pika hadi nyuzi 10 juu ya maji yanayochemka, 104 kwa hapa. Mwaga kwenye ute wa mayai mawili uliopigwa ukasimama, au kwa asiyekula yai, maji mazito ya chana (chickpeas) kutoka kwenye kopo, gramu 100 baada ya kuyachemsha yapungue nusu na kuyapooza. Limau litiwe mwisho kabisa, kwa kuwa asidi ikichemka na agari inaikatakata.

Haraka inahitajika hapa. Agari huanza kushika ikishuka kuelekea nyuzi 40, na ikishika haikusubiri. Mfuko wa kukamulia uwe tayari kabla ya kuwasha jiko.

Jambo moja kwa wanaotaka ya kuelea kwenye kakao: ya jelatini huyeyuka taratibu na kuacha povu juu. Ya agari inahitaji karibu nyuzi 85 ili iyeyuke, kwa hiyo inabaki ikielea kama sabuni hadi kikombe kinaisha.

Taa_ya_Koroboi

Kigezo ambacho hamjakitaja: stima ikipotea katikati ya kupiga.

Mwokaji_SouthB

Hicho kwa Nairobi kingekuwa cha kwanza, kweli.

Jelatini tupu inaokoka. Funika bakuli. Stima ikirudi, liweke juu ya sufuria ya maji ya moto yasiyochemka, koroga hadi mchanganyiko uyeyuke ukawa kama krimu, piga upya. Jelatini inayeyuka na kushika tena bila kulalamika, mradi usiichemshe. Ya ute wa yai haina bahati hiyo; ukiipasha, ute uliokwisha kupigwa unaachia maji. Kama umeshapita dakika 5, itandaze kwenye trei ilivyo na ukubali kwamba itakuwa nzito. Ya agari, ikishika kabla hujamaliza, ndiyo imeishia hapo.

Ukipiga kwa mkono kwa mchapo wa waya, andaa watu wawili wa kupokezana na hesabu dakika 25. Karai la maji baridi chini ya bakuli linapunguza muda, ila liondoe kabla pembeni hakujaanza kuganda.

Kahawa_Chungu

Asanteni sana. La mwisho: nanasi? Nataka nusu ya maji ya kulowekea jelatini iwe juisi.

Kemia_Jikoni

Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokatakata protini, na jelatini ni protini. Utapiga hadi kesho, halitasimama. Papai na tangawizi mbichi vivyo hivyo. Chemsha juisi dakika 5, ipoe kabisa, ndipo unyunyize jelatini. Juisi ya kopo imeshapashwa moto kiwandani, hiyo haina neno.

Pesheni haina shida hiyo, ni asidi tu, inadhoofisha kidogo. Ongeza jelatini gramu 2. Na chuja mbegu, zinakatiza kisu wakati wa kukata.