Kutembeza watoto Mtwara mwezi wa saba, bajeti ndogo

Assalaam aleikum ndugu zangu,
Tunatua Mtwara mwisho wa Julai, mimi, baba yao na watoto watatu. Huku Uingereza wamezoea paki za mabembea, na mbinu zake tumeshazijua: tiketi unakata mapema mtandaoni maana getini ni ghali, chakula unafunga nyumbani, na Legoland ya Windsor mtoto asiyefika sentimita 90 anaingia bure. Huko nyumbani nianzie wapi? Nataka siku moja watoke na binamu zao wote.
Dada wa Leicester

Waaleikum salaam dada, karibuni nyumbani.
Mabembea ya namna hiyo hapa hayapo, wala usihangaike kuyatafuta. Nendeni Shangani. Ufuko uko mjini hapahapa, bajaji zinawafikisha. Kinachokula hela kwetu ni usafiri, na kinachoharibu siku ni kutojua maji.

Hapo kwenye maji naomba unisikilize. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa saa nne, saa tano asubuhi, na kujaa saa kumi jioni. Ukifika saa tano na watoto wenye hamu ya kuoga utakuta miamba na vidimbwi. Basi panga hivyo: asubuhi waokote makombe na kutazama kaa na visamaki vidimbwini (wavae raba, yale mawe yanakata), wale, walale kivulini, waoge alasiri. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume, asubuhi ndiyo maji yamejaa. Na Julai ni kusi. Upepo ukikaza, wadogo maji yasiwapite magoti.

Msimbati ni kuzuri zaidi, ila ni zaidi ya kilomita 40 na kuna mchanga, gari dogo litanasa. Changeni familia mbili gari moja la nguvu. Pale ni hifadhi ya bahari, raia na mgeni hawalipi sawa, na mtoto mwenye pasi ya Uingereza anahesabiwa mgeni. Piga hesabu ya pasi kabla ya hesabu ya mafuta.

Chakula pikeni nyumbani, wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, nunueni njiani, ya moto, na chumvi yenye pilipili. Watoto watafurahi kuimenya wenyewe.
Kaka, Shangani

Shikamoo dada. Lindi msiisahau. Wanangu wanakulia Berlin, na lile dinosa la makumbusho ya huku, lenye kimo cha mita 13 na ushee, mifupa yake ilichimbwa Tendaguru kwetu kati ya 1909 na 1913. Tendaguru kwenyewe na watoto sikushauri, ni mbali na hakuna cha kuwashika. Wapandisheni pantoni ya kuvuka kwenda Kitunda, nauli ni ndogo na wanaiona ghuba yote. Muulize tu pantoni ya mwisho kurudi ni saa ngapi kabla hamjavuka.
Mdogo wenu, Berlin