Nagombea uenyekiti wa baraza la wanafunzi, kura za wajumbe nazipataje? Naomba ushauri

Mlalahoi_wa_Pili: Habari zenu wakuu. Nagombea uenyekiti chuo kimoja cha umma hapa Kenya. Idara 20, kila moja wajumbe watatu, jumla 60, na hao ndio wapigaji kura. Nina 27 za uhakika. Zilizobaki nizipateje? Mabango tayari, usingizi sina.

ChapatiMbili: 27 za uhakika kabla wajumbe hawajala? Gawa kwa mbili.

Bi_Kizimbani: Naibu wako ni nani? Kifungu cha 18 cha Sheria ya Vyuo Vikuu, kwa marekebisho ya 2016, kinataka mwenyekiti na naibu wawe wa jinsia tofauti. Wengine ni katibu mkuu, mweka hazina na watatu wa makundi maalumu. Mnakaa mwaka mmoja, na kurudi ni mara moja tu.

Mlalahoi_wa_Pili: Naibu ni mwanamke. Turudi kwenye kura.

Fundi_wa_Fomu: Achana na mabango, shika alama za mitihani za wanafunzi zilizopotea. Orodha iwe na namba ya usajili, msimbo wa somo, muhula, tarehe ya mtihani na jina la mhadhiri, pamoja na nakala ya kadi ya mtihani. Anza kwa mkuu wa idara, ndipo uende kwa mkuu wa kitivo. Viongozi wengi hupeleka majina matupu, karani anashindwa kulitafuta somo, orodha inalala kwenye trei hadi watu wanakosa kuhitimu.

Mzee_wa_Hosteli: Enzi za SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kila komredi alipiga kura mwenyewe. Siku hizi mnawinda wajumbe kama madalali wa mahindi. Uongozi ni utumishi, vijana.

Bi_Kizimbani: Mlalahoi, katika hizo 27, yako imo?

Mlalahoi_wa_Pili: Imo. Mimi ni mjumbe wa idara yetu, tulichaguliwa wiki jana. Kosa liko wapi? Watu wangu wamenikubali, na mabango yameshalipiwa.

Bi_Kizimbani: Kumbe! Mjumbe huchaguliwa miongoni mwa wasiogombea baraza. Ukishinda, pingamizi moja tu linakuangusha. Ukitaka kujiuzulu ujumbe, andika barua kwa tume ya uchaguzi, nakala kwa mkuu wa masuala ya wanafunzi, zote zigongwe mhuri wa kupokelewa kabla hujarudisha fomu. Hata hivyo bado wanaweza kukubana kwamba ulichaguliwa mjumbe huku unagombea. Na muda hauko upande wako, maana wajumbe wana siku 30 tu tangu wachaguliwe kulichagua baraza.

Mlalahoi_wa_Pili: Nijiuzulu vipi na sisi wanaume watatu wa idara tumekula kiapo cha kupiga kura pamoja?

ChapatiMbili: Wanaume watatu? Jinsia moja haizidi theluthi mbili. Tume gani ilipitisha hiyo? Uzi huu umepikwa, na chumvi imezidi.

Fundi_wa_Fomu: Au huyu ndiye mpinzani, anavua hoja. Hesabu ya mwenzake anaijua hadi kura ya mwisho.

Mlalahoi_wa_Pili: Sijapika kitu. Msichana alihama idara, nafasi ikajazwa harakaharaka. Hebu niambieni, pingamizi hupelekwa kwa nani, na ndani ya siku ngapi?

ChapatiMbili: Hahaha! Mgombea anauliza njia ya kujipinga.

Bi_Kizimbani: Tume ya uchaguzi, kwa maandishi, na uambatanishe orodha ya wajumbe iliyobandikwa. Siku utazikuta kwenye kanuni za uchaguzi za chama chenu. Awe mgombea au mpinzani, karatasi ni hizohizo.