Regileta ya kupigia mbizi: nichague pistoni au kiwambo, na nani ataihudumia hapa Nairobi?

Kijana wa Umoja
Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Nilipata cheti cha kupiga mbizi huko Diani, na tangu hapo nimekuwa nikikodi vifaa kila niendapo Pwani, jambo ambalo limenichosha kwa sababu huwezi kujua ule mpira unaouweka kinywani umepita vinywa vya akina nani. Sasa nataka kuwa na regileta yangu mwenyewe, yaani kile kifaa kinachoshusha shinikizo la hewa ya mtungi na kuileta kinywani. Nimesoma habari za pistoni na za kiwambo (namna mbili za kuendesha vali ya ndani), za klampu na za DIN (namna mbili za kuifunga kwenye mtungi), za zile zilizosawazishwa na zisizosawazishwa, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa. Naomba mnieleze ni ipi inayofaa bahari yetu, na kama kuna fundi hapa Nairobi anayeweza kuihudumia bila mimi kuipeleka Mombasa. Nitashukuru nikijibiwa mapema, kwa kuwa Jumamosi ninasafiri.

Fundi Geji
Karibu, ndugu. Bahari yetu ina joto la takriban nyuzi 25 hadi 29, kwa hiyo usikose usingizi kwa ajili ya pistoni na kiwambo. Kiwambo husifiwa kwa sababu huyazuia maji, chumvi na mchanga visifike kwenye vali ya ndani, na regileta iliyozibwa vizuri haigandi upesi katika maji ya baridi kali, shida ambayo wewe wa Diani hutaipata. Pistoni ina vipande vichache, na kwa hiyo huhudumiwa kwa urahisi. Ndiyo sababu wanaokodisha vifaa wanapenda aina nyepesi kama Scubapro MK2. Kusawazishwa ndiko kwenye maana zaidi: regileta isiyosawazishwa huanza kuwa nzito kuvuta hewa mtungi unapokaribia kwisha, na uzito huo unaonekana zaidi ukiwa chini sana. Kuhusu klampu na DIN, nunua DIN pamoja na adapta yake, kwa sababu DIN hufungwa kwa hesi na oringi yake, ile pete ya mpira ya kuzibia, hukaa imebanwa ndani, lakini mitungi mingi utakayopewa Pwani ni ya klampu. Sasa nikuulize: Jumamosi unasafiri na regileta gani, ikiwa bado unachagua?

Mama wa South B
Mwanangu, mume wangu alishikwa na homa hiyohiyo. Alinunua regileta, fulana ya kuelea, miwani na hata kisu cha kufunga mguuni, kana kwamba papa wa Watamu walikuwa wakimngoja yeye. Vyote viko juu ya kabati, na kila Disemba huvishusha, akavipangusa vumbi na kuvirudisha. Kama tatizo lako ni vinywa vya watu, ule mpira wa kinywani umefungwa kwa kikamba cha plastiki tu, na unauzwa peke yake. Nunua wako, ufike Diani uombe wakubadilishie, na fedha zilizobaki ulipe kodi ya nyumba.

Kijana wa Umoja
Asante, mama, lakini kodi nimelipa. Nawe Fundi Geji, swali lako ni la haki ingawa sioni linavyobadilisha ushauri. Regileta ninayo. Niliinunua kwa mtu wa Mombasa kwa shilingi 18,000, ikiwa na hatua ya pili (kile kipande cha kinywani) ya akiba na geji ya kupimia hewa ya mtungi. Ni safi, kromu inang'aa. Nilichotaka kujua ni kama nimechagua vizuri.

Fundi Geji
Basi hukuwa unachagua, ulikuwa unatafuta wa kukupongeza. Kromu haipumuliwi. Fungua kile kifuniko cha vumbi kwenye hatua ya kwanza, yaani kipande kinachofungwa kwenye mtungi, utazame kichujio kidogo cha chuma kilichomo. Kikiwa na rangi ya kijani, maji yameingia na shaba inaliwa. Kikiwa chekundu, ni kutu ya mtungi wa chuma, na kikiwa cheusi, huenda ni mafuta au masizi ya kompresa. Halafu utueleze mara ya mwisho ilihudumiwa lini, na ni nani aliyeifungua.

Hamadi wa Shimoni
Ndugu zangu wa bara, mnanichekesha. Babu yangu alikwenda chini kutafuta kambakoche kwa pumzi zake mwenyewe, wala hakuwa na pistoni isipokuwa mapafu. Lakini kuhusu maji kuingia, huyo fundi amesema kweli. Nimewaona wageni wakisuuza regileta katika ndoo huku wakibonyeza kile kitufe cha mbele cha kutoa hewa, nayo haijafungwa kwenye mtungi. Ukibonyeza hivyo unaifungua vali, na maji hupanda kwa bomba la mpira hadi hatua ya kwanza. Mtu hujidhani anaosha, kumbe anaotesha kutu.

Kijana wa Umoja
Kichujio kina ukijani kidogo upande mmoja. Kuhusu kuhudumiwa, muuzaji alisema ilikuwa imekaa tu, kwa hiyo haikuchakaa. Na kwa kuwa mnasisitiza, ndiyo, imekwisha kufunguliwa. Nina jamaa yangu Industrial Area anayetengeneza regileta za mitungi ya kuchomelea vyuma, mtu mwenye mikono ya kuaminika, na ndiye aliyebadilisha oringi zote kwa zile alizonunua Kirinyaga Road kwa wauza vipuri vya magari, akazipaka grisi na kuifunga tena. Kabla hamjanirukia, kumbukeni kwamba mhandisi Émile Gagnan, aliyeunda regileta ya Aqua-Lung mwaka 1943 pamoja na mpiga mbizi Mfaransa Jacques Cousteau, aliitoa katika kifaa cha kulishia gesi injini za magari wakati wa uhaba wa petroli vitani. Ikiwa hiyo ilitoka kwenye gari, sioni kwa nini yangu isiguswe na fundi wa gesi. Oringi ni oringi.

Mwalimu wa Fizikia
Historia yako ni sahihi ila umeikatia njiani. Cousteau alipoijaribu mara ya kwanza katika mto Marne huko Ufaransa, ilifanya kazi alipolala, lakini aliposimama wima hewa ikamwagika ovyo, na alipoinamisha kichwa chini ikawa vigumu kuvuta. Sababu ni kwamba vali ya kutolea pumzi ilikuwa mbali na kiwambo, na umbali huo mdogo tu ulitosha kuleta tofauti ya shinikizo la maji. Gagnan aliisogeza vali ile karibu na kiwambo, na shida ikaisha. Fundi wa mitungi ya kuchomelea hana sababu ya kuwazia jambo hilo, kwa sababu regileta yake haizami wala haivutwi na mapafu.

Fundi Geji
Na oringi si oringi. Ukubwa wake hupimwa kwa sehemu za milimita, ugumu wake hutofautiana, na mtengenezaji huuza seti kamili ya kila modeli, ikiwa na kiti cha vali (kipande laini kinachoziba hewa) ambacho Kirinyaga Road hutakipata. Grisi ya petroli huvimbisha mpira wa aina ya EPDM na wa silikoni, na ikikutana na hewa iliyoongezwa oksijeni inaweza kuwaka. Wala usiseme kukaa kunaihifadhi: mpira hukauka kabatini, na kiti cha vali huchimbika mahali ukingo unapokikandamiza. Ndiyo maana watengenezaji wengi huagiza ikaguliwe kila mwaka hata kama haikuingia majini. Je, baada ya kufungwa inafanyaje?

Kijana wa Umoja
Inatoa mlio mdogo wa hewa kwenye hatua ya pili. Hutulia kwanza, kisha baada ya dakika chache huanza kuvuja polepole. Nilidhani ni kawaida.

Msomaji Makini
Samahani kwa kuingilia. Mimi siamini habari hii. Huyu anaishi Umoja, hakutaja kuwa na mtungi, na mitungi ya hewa yenye shinikizo la baa 200 haiuzwi pamoja na sukumawiki. Ameijaribuje hadi akasikia mlio unaoanza baada ya dakika chache? Tena ana jibu la Gagnan mkononi, lakini hajui regileta yake ni ya pistoni au ya kiwambo. Nashuku ni muuzaji anayepima bei, au mtu aliyetunga kisa ili tuandike makala yake bure.

Mama wa South B
Ikiwa ni muuzaji, aniambie. Mume wangu ana vitu juu ya kabati.

Kijana wa Umoja
Sijatunga lolote na siuzi chochote. Tuliifunga kwenye kompresa ya kupulizia rangi, yenye baa 8, na tukasikia mlio pale pale. Yale ya kutulia kwanza niliambiwa na muuzaji kwa simu, kwamba huanza baada ya dakika chache na kwamba nisijali. Sikuyaeleza yote kwa sababu nilitaka jibu la pistoni na kiwambo, si kesi.

Fundi Geji
Sasa tumefika. Msomaji Makini, shaka yako imetusaidia, kwa sababu habari mbili tofauti zilikuwa zimefungwa katika sentensi moja. Hatua ya kwanza hushusha shinikizo la mtungi hadi baa 9 au 10 hivi juu ya lile la maji, kisha vali hufunga. Ukiipa baa 8 tu, haifiki kiwango cha kufunga, inabaki wazi, kwa hiyo jaribio lenu halikusema chochote kuhusu hatua hiyo. Lakini kwa kuwa hatua ya pili ilivuja hata kwa baa 8, kiti chake ni kibovu au kimerekebishwa vibaya. Maneno ya muuzaji yanaonyesha ugonjwa wa pili: vali ya hatua ya kwanza haifungi sawasawa, shinikizo la kati, lile la baina ya hatua mbili, linapanda taratibu mpaka linaisukuma hatua ya pili ifunguke. Hilo hupimwa kwa geji ndogo inayochomekwa kwenye bomba la kujazia fulana ya kuelea, na sindano yake ikishapanda kwenye kiwango chake inapaswa kusimama bila kutambaa.

Kijana wa Umoja
Hata hivyo tutakwenda mita 12 tu, na inapoharibika humwaga hewa badala ya kuikata. Nimeyasoma hayo. Mwenzangu atakuwa karibu.

Fundi Geji
Humwaga, kweli, na katika mita 12 mtungi unaomwagika huisha kwa dakika chache. Tena hayo husemwa juu ya regileta iliyofungwa kwa vipande vyake. Ya kwako hakuna ajuaye itafanya nini.

Mzee wa Reli
Mimi naomba kuuliza tiketi ya kurudi ni ya lini. Nairobi iko juu ya bahari kwa takriban mita 1,700, na treni inapanda kiasi hicho kwa saa tano hivi. Ukipiga mbizi zaidi ya mara moja, kaa usawa wa bahari angalau saa 18 kabla ya kupanda, kama vile ungepanda ndege, ili mwili uitoe nitrojeni iliyoyeyuka ndani yake.

Kijana wa Umoja
Nimekata ya Jumapili alasiri, na tulipanga kuzama Jumapili asubuhi.

Mzee wa Reli
Badilisha iwe ya Jumatatu alasiri, au msizame Jumapili.

Fundi Geji
Na regileta ibebe, ila usiitumie. Ukifika Diani ukodi regileta yao, uombe ufungiwe mpira wako wa kinywani kama alivyosema Mama. Hiyo yako mwachie fundi aliyeidhinishwa na mtengenezaji wa modeli hiyo, umwambie wazi kuwa ina grisi isiyojulikana na oringi za gari, ili aioshe yote kabla ya kuweka seti mpya. Muulize bei kwanza, kwa sababu ukijumlisha na 18,000 huenda ukakaribia regileta mpya isiyosawazishwa. Piga picha ya namba iliyochongwa kwenye hatua ya kwanza uiweke hapa leo, tukwambie kama vipande vyake bado vinatengenezwa.

Kijana wa Umoja
Nitaiweka jioni. Jamaa yangu anauliza kama hatua ya pili ya akiba, ambayo hakuigusa, inaweza kutumika.

Fundi Geji
Hapana. Inalishwa na hatua ya kwanza ileile.